Hodi Isiyoitikiwa



Majuma mawili yaliyopita tulivuka bahari kwenda Unguja kwa shughuli za gazeti hili, na jioni moja tukaalikwa kusali pamoja na jumuiya ndogo ya Wakristo huko Jang'ombe, upande wa Ng'ambo ya mji. Wakatoliki wa mtaa ule si wengi. Walikuja watu wazima tisa pamoja na watoto wao, wakaketi mikekani uani, na Injili ikasomwa kwa sauti ya kadiri, maana nyumba za pale zimebanana na si adabu kumpigia jirani kelele. Kwa kuwa mwezi wa marehemu u karibu, walichagua habari ya Lazaro.

Somo likiendelea, tukasikia hodi. Mlango ulikuwa wazi, pazia tu ndilo lililokuwa likipepea, na aliyebisha alikuwa mama wa nyumba ya pili, Mwislamu, akiwaletea watoto sahani ya vitumbua. Alitusikia tumo ndani, nasi tuliiona miguu yake chini ya pazia. Hata hivyo hakuingia. Alibisha tena, akangoja, mpaka mama mwenye nyumba alipoinuka na kumkaribisha. Jambo hili ni la kila siku katika miji yote ya pwani, nasi tusingalilitia gazetini kama si swali tuliloulizwa baada ya sala.

Aliyeuliza ni kijana mwenye mke na mtoto mmoja, ambaye kazi yake ni kuwatembeza wageni katika Mji Mkongwe. Twaeleza maneno yake kwa ufupi. Kila siku, alisema, huwapeleka wageni Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa, akawateremsha katika vyumba vya chini ambamo huambiwa kwamba watumwa walifungiwa wakingoja kuuzwa. Wageni wengine hutoka humo wamenyamaza kimya. Wengine hujilaza juu ya kiunga cha mawe, mikono nyuma kama watu waliofungwa minyororo, wenzao wakawapiga picha, wakacheka. Naye husimama pembeni kungoja wamalize, kwa maana mgeni aliyefurahi hutoa bakshishi nzuri. Akauliza: "Baba Padre, fedha ile ni halali?"

Kisha akatuonyesha picha katika simu yake. Alipewa na mgeni mmoja aliyemwambia kwamba hapendi sana kuota jua ufukweni. Yeye huzunguka dunia kutazama mahali palipopatwa na maafa. Katika picha ile, ya mwaka 2019, watu kumi na wawili wamesimama mbele ya gurudumu kubwa la kuchezea watoto, limeshika kutu, miti imelizingira pande zote. Kila mmoja anacheka na kuinua kidole gumba. Kijana akataka kujua ni mji gani ule, na kwa nini hauna watu.

Saa ya kurudi ilikuwa imefika, basi tulimjibu nusu, tukaahidi kumjibu sawasawa gazetini. Leo twalipa deni hilo.

Mji ule waitwa Pripyat. Umo katika nchi ya Ukraine, ambayo mwaka 1986 ilikuwa bado sehemu ya Muungano wa Kisovyeti. Ulianza kujengwa mwaka 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo cha umeme cha Chernobyl, kilichoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, nao ulikuwa mji wa vijana: wakazi wapatao 49,000, wenye shule, hospitali na majumba marefu ya ghorofa. Watu wa Jang'ombe hawahitaji maelezo mengi juu ya majumba ya namna ile. Yale ya Michenzani, ambayo huyapita kila siku waendapo mjini, yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na mtu akitazama picha za Pripyat aweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26 Aprili 1986, saa 7 na dakika 23, mafundi wakiwa katika majaribio, kinu namba 4 cha kituo kile kililipuka. Watu wawili walikufa kwa mlipuko wenyewe. Katika majuma na miezi iliyofuata wakafa wengine 28, wazima moto na wafanyakazi, kwa sababu ya mionzi iliyowaunguza ndani na nje. Mionzi hiyo haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha. Ndiyo sababu asubuhi ile ya Jumamosi watoto wa Pripyat walikwenda shule kama kawaida, na harusi ikafungwa mjini, wakati moshi wa kinu ulipokuwa ukionekana kutoka madirishani.

Siku ya pili yake ilikuwa Dominika, nayo kwa ndugu zetu Waorthodoksi mwaka ule ilikuwa Dominika ya Matawi. Saa 8 mchana mabasi zaidi ya elfu moja yakaja kuwachukua watu wote. Waliambiwa wabebe hati zao na chakula kidogo, ya kwamba watakaa mbali siku tatu. Wakafunga milango, wakaacha nguo kambani na vyombo mezani. Hawakurudi kukaa tena. Mwaka ule peke yake watu kama 116,000 waliondolewa katika eneo la kilometa 30 kukizunguka kituo, na miaka iliyofuata wakahamishwa wengine kupita laki mbili. Wafanyakazi na askari wapatao 600,000 waliitwa kwa zamu kusafisha eneo na kukifunika kinu. Watoto waliokunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye sumu ile ndio walioumia kwa siri: kufikia mwaka 2005 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamehesabu zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati ule na kupata saratani ya tezi ya shingo. Wengi wao, tumshukuru Mungu, walitibiwa wakapona. Na lile gurudumu la kuchezea lilikuwa lifunguliwe rasmi Mei Mosi, siku tano baada ya mlipuko.

Hii ndiyo nyumba ambayo wale kumi na wawili walisimama sebuleni mwake wakicheka.

Serikali ya Ukraine iliruhusu rasmi matembezi ya watalii mwaka 2011, na mwaka 2019, baada ya mchezo mmoja wa televisheni juu ya maafa hayo kuenea duniani, waliingia zaidi ya laki moja katika mwaka mmoja. Walikwenda kwa makundi, wakiwa na kiongozi na kijisanduku cha kupimia mionzi kinacholia kikikaribia mahali pabaya. Masharti yalikuwa makali. Uvae nguo za kufunika mikono na miguu; usiketi chini; usile chakula nje; usiokote kitu chochote ukakitia mfukoni; na utokapo usimame ndani ya mashine ya kupimwa, ili ijulikane kama umechukua vumbi. Sisi twaona masharti hayo yalikuwa mazuri, ila yalikuwa na kasoro moja: yote yalimlinda mgeni. Hapakuwa na sharti hata moja la kumlinda mwenye nyumba. Kwa hiyo watu waliopimwa kwa uangalifu mkubwa mwilini waliingia katika shule za watoto wa Pripyat, wakakusanya wanasesere walioachwa, wakawapanga vitandani na kuwavika vinyago vya kuzuia gesi, ili picha ipate kutisha zaidi. Chumba alichokiacha mtoto kikageuzwa jukwaa la mchezo.

Tangu Februari 2022, majeshi ya Urusi yalipokiteka kituo kile na kukikalia mpaka mwisho wa Machi, matembezi hayo yalikoma. Lakini hata wakati yalipokuwa yakishamiri, palikuwa na msafara mwingine ulioingia katika eneo lile, usiopigiwa tangazo. Waorthodoksi wa nchi zile wana desturi ya kuwatembelea marehemu wao makaburini katika siku zinazofuata Pasaka. Basi wenyeji waliohamishwa, wengine wazee wa fimbo, wakaruhusiwa kuingia siku hizo, wakiwa na mikate na mayai ya Pasaka, kwenda kufagia makaburi ya wazazi wao katika vijiji visivyo na mtu. Nao walipita barabara ile ile, wakayaona majumba yale yale. Wapo pia wazee, wengi wao akina mama, waliorejea kwa nguvu kukaa katika vijiji vyao mara baada ya maafa, wapata elfu moja na zaidi, wasijali amri wala mionzi, kwa sababu huko ndiko walikozika. Sisi hatuwezi kuwashauri watu wavunje amri za afya, lakini tukisema kwamba hatuwaelewi tutakuwa waongo.

Basi kuna tofauti gani kati ya misafara hiyo miwili? Jibu tulipewa siku ile ile Jang'ombe, na yule mama wa vitumbua.

Hodi kwetu sisi ni zaidi ya salamu. Abishaye hodi akiri kwamba nyumba ina mwenyewe, hata kama mlango umeachwa wazi. Kwamba macho yake hayana haki ya kutangulia mbele ya idhini. Asipoitikiwa mara tatu, hugeuka akaenda zake. Lakini afanyeje mtu afikapo katika nyumba ambayo mwenyewe hawezi kuitika tena? Desturi yetu haikumwacha bila jibu hapo pia. Jirani zetu Waislamu, wakiingia makaburini, huwatolea salamu waliolala humo kama watu wanaosikia. Nasi Wakatoliki hufanya ishara ya msalaba, tukawaombea raha ya milele. Wote wawili wabisha hodi mahali ambapo sauti ya karibu haitatoka.

Sasa tumtazame Bwana wetu. Alipofika Betania, Lazaro alikuwa ana siku nne kaburini. Mwinjili Yohane atuambia kwamba aliuliza mahali walipomweka, naye akaambiwa aje aone. Neno hili tumelisoma mara nyingi bila kulifikiri. Mwana wa Mungu, anayejua yote, hakuingia kaburini kwa rafiki yake mpaka amewauliza wafiwa na kuongozwa nao. Na alipokwenda kuona, jambo la kwanza lililoandikwa juu yake ni machozi. Muujiza ulifuata baadaye. Tena mfano wa Msamaria mwema wahusu watu watatu ambao wote waliona jambo moja barabarani. Macho yao yalikuwa sawa. Wa kwanza kati yao, yule aliyetazama na kupita upande wa pili, alikuwa kuhani. Sisi tunaoandika ukurasa huu hatuwezi kuisoma habari ile bila kuona haya kidogo.

Huenda msomaji akasema: Kumbe ni heri watu wasiende kabisa mahali pa namna hiyo, wawaache wafu wapumzike. Hapana. Kutotazama nako ni dhambi, na mara nyingi ni dhambi kubwa zaidi. Wakuu wa Kisovyeti hawakuitangazia dunia neno lolote mpaka jioni ya tarehe 28 Aprili, baada ya wafanyakazi wa kituo cha nyuklia nchini Sweden, mamia ya kilometa kutoka pale, kukuta mionzi katika viatu vyao na kuuliza imetoka wapi. Siku ya Mei Mosi watoto wa Kyiv waliandamana barabarani na bendera, upepo ukiwa umeshageuka upande wao. Kama kungalikuwa na macho ya watu siku zile, madirisha yangalifungwa na maziwa yangalimwagwa mapema.

Wala tusiende mbali kutafuta mahali pasipotazamwa. Huko Katanga, katika Kongo, ambako watu husema Kiswahili chao na kutuelewa tukisema chetu, karibu na mji wa Likasi pana machimbo yaitwayo Shinkolobwe. Madini ya urani yalivumbuliwa pale mwaka 1915, nayo yalikuwa mazito kuliko yote yaliyojulikana. Mwaka 1940 kampuni ya Wabelgiji ilipeleka New York zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo, na miaka miwili baadaye jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na Nagasaki siku tatu baadaye, ilichimbwa na mikono ya watu weusi wa Katanga, ambao hakuna aliyewaambia walichokuwa wakikishika. Na kule Nagasaki bomu lililipuka juu ya mtaa wa Urakami, mtaa wa Wakatoliki. Waliokufa kati yao wapita elfu nane. Ndani ya kanisa kuu walikuwamo mapadre wawili wakisikiliza maungamo kwa ajili ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria.

Wabelgiji waliyafunga machimbo yale kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Lakini njaa haisomi kibao cha marufuku. Maelfu ya watu wakarudi na sururu kutafuta kobalti, watoto wakiwamo, mpaka serikali ilipotoa amri ya kuwaondoa mwanzoni mwa mwaka 2004. Hata hivyo mwezi wa Julai mwaka ule ule udongo ukawaangukia wachimbaji, wakafa 8. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikwenda wakapima, wakaandika taarifa, wakaondoka. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikwenda Hiroshima mwaka 1981, na Baba Mtakatifu Fransisko akaenda Hiroshima na Nagasaki mwaka 2019, wakasali pale kimya mbele ya dunia nzima. Hiyo ndiyo hodi ya kweli. Shinkolobwe haina mnara wa ukumbusho uliojengwa ili wakuu wa dunia waje kuweka mashada ya maua. Twasema hivi bila kumlaumu Baba Mtakatifu yeyote. Twalaumu kwanza magazeti, na letu likiwamo, ambalo mpaka leo halijawahi kuandika jina hilo.

Turudi Mkunazini. Soko lile lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, naye Askofu Edward Steere wa Kanisa la Kianglikana akajenga kanisa mahali pale pale. Huonyeshwa hata leo duara la mawe mbele ya altare, mahali ambapo kwa mapokeo ulisimama mti wa kuwachapia watumwa. Nje kidogo wako watu watano wa saruji ndani ya shimo, wameunganishwa kwa minyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Sweden ya mwaka 1998. Juu ya vile vyumba vya chini, wapo watafiti wasemao kwamba vilijengwa baada ya soko kufungwa, kwa matumizi ya hospitali ya misioni. Tulimwuliza kijana wetu kama anajua hayo. Alisema amesikia, lakini wageni hupenda habari ile nyingine. Hapo tukamkaripia kidogo. Marehemu hawahitaji kuongezewa maumivu. Waliyo nayo yatosha, na kumsingizia maiti hata jambo la kuvutia huruma ni kumkosea heshima.

Tena asiwafiche wageni habari isiyopendeza upande wetu. Tukizungumzia biashara ile, tunapenda kunyosha kidole kwa watu wa dini nyingine. Ukweli ni kwamba watumwa wengi wa pwani hii walinunuliwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa, na wanunuzi wale walikuwa Wakatoliki waliobatizwa, wakahudhuria Misa kila Dominika. Na waliowakamata bara mara nyingi walikuwa jirani zao, watu wa rangi yao. Asiyeweza kusema hayo afadhali anyamaze juu ya mengine.

Kuhusu fedha, jibu letu ni hili. Kazi ya kuongoza wageni ni halali, na mfanyakazi astahili ujira wake. Mchimba kaburi hulipwa, na seremala wa majeneza hulipwa, wala hakuna awaitaye wezi. Kuzika wafu ni moja ya matendo ya huruma, na anayesimulia habari za wafu kwa kweli na kwa heshima ashiriki kwa kiasi fulani katika tendo hilo. Lakini mchimba kaburi akipokea fedha ili acheze ngoma juu ya jeneza, hapo ameuza kitu ambacho si chake. Kijana wetu hafanyi hivyo. Hata hivyo hungoja wengine wacheze, kisha akapokea. Hilo tulimwambia wazi kwamba si sawa.

Tulimshauri jambo moja. Kabla ya kuteremka ngazi, awasimamishe wageni mlangoni, awaeleze neno hodi lina maana gani katika nchi hii, na kwa nini hata mlango uliofunguliwa hubishwa. Kisha abishe mwenyewe kwa sauti, angoje kitambo, ndipo washuke. Akisha kufanya hivyo, atakayecheka atakuwa amejua anachokifanya.

Akatuuliza, kwa adabu lakini bila kuficha, nani atakayemlipia kodi ya nyumba bakshishi ikipungua. Hatukuwa na jibu la haraka. Padre hula anachowekewa mezani, na ushauri wake humgharimu kidogo. Tulikumbuka pia kosa letu wenyewe, nalo yafaa tuliungame hapa. Miaka michache iliyopita tulifuatana na vijana wa parokia moja kwenda hija Bagamoyo, mahali ambapo mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misioni mwaka 1868 na kuwapokea watumwa waliokombolewa. Basi lilikuwa na kipaza sauti, kanga za sare, na simu kwa kila mkono. Walipofika katika makaburi ya wamisionari, ambao wengi wao walikufa kwa homa wakiwa vijana kama wao, baadhi ya vijana waliketi juu ya mawe ya makaburi wakala biskuti na kupigana picha. Sisi tulikuwa kiongozi wa msafara. Jua lilikuwa kali, tulikuwa tumechoka, tukaona ni heri waburudike kidogo kabla ya Misa. Hatukusema neno. Vijana wale hawana tofauti yoyote na wale kumi na wawili wa Pripyat, ila tu kwamba wale wa Pripyat hawakuwa na padre wa kuwakanya.

Mama Kanisa ajua udhaifu wetu huu, ndiyo maana amewawekea watoto wake safari ya kwenda kwa wafu kila mwaka, tena kwa sharti. Tangu tarehe 1 mpaka 8 Novemba, mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu, hata kwa moyo tu, aweza kuwapatia roho za toharani rehema kamili, akiisha kuungama, kupokea Komunyo na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Angalieni kwamba kwenda peke yake hakutoshi. Asiyesali ametembea tu. Twawaomba wazazi waende na watoto wao, wawaonyeshe kaburi la babu na bibi, wawaambie walikuwa watu wa namna gani. Na katika kila makaburi watafute kaburi moja lisilo na jina, wang'oe majani na kusali hapo pia. Viongozi wa vijana wanaopanga hija ya Bagamoyo mwezi ujao watuwie radhi kwa maneno haya, na kipaza sauti wakiache nyumbani.

Tulipokuwa tukimaliza kuandika, tulipata habari kutoka Jang'ombe. Kijana amejaribu ushauri wetu kwa makundi matatu. La kwanza lilinyamaza, likashuka taratibu, na bibi mmoja mzee akauliza kama aruhusiwa kuvua kofia. La pili liliona ni mchezo, wakabisha hodi wote kwa pamoja huku wakicheka, na siku ile hakupewa kitu. Juu ya la tatu hakuandika mengi, ila alituletea kwa mkono wa mtu fedha za Misa, kwa nia ya roho za waliopita Mkunazini na majina yao hayakuandikwa. Misa hiyo tutaisoma tarehe 2 Novemba, saa 12 asubuhi.